Mwadhini na Mbwa Wasiobweka

Kwa miaka ishirini na sita Atumani aliita watu kwenye sala, na walioitika walikuwa watu. Hakuwahi kulishukuru jambo hilo kwa namna ya pekee, kama vile mtu asivyoshukuru kwamba maji yanateremka. Ikafika Jumanne moja ya mwezi wa tatu, adhuhuri.

Alisimama mahali pake, mbele ya mlango wa msikiti mdogo wa avenyu yao, pale Kasongo. Aliziba masikio kwa vidole kama alivyofundishwa na marehemu mjomba wake, akavuta pumzi, akaanza. Takbira ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilipofika pale inapopanda na kujinyoosha, ng'ambo ya ua wa matete ikainuka sauti nyingine, ikapanda nayo. Kilikuwa kilio kirefu, chembamba, chenye mawimbi, kama cha mtu anayejifunza kuimba na bado hajapata mwalimu. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, nene kidogo. Zikaenda na Atumani bega kwa bega mpaka mwisho wa adhana, naye aliponyamaza, nazo zikanyamaza.

Waumini waliokuwa wakitawadha walibaki na mikono hewani. Mzee mmoja alirudia udhu wote tangu mwanzo, ingawa hakuna mbwa aliyemgusa. Alisema masikio nayo ni viungo.

Mbwa walikuwa wa Roger, jirani wa msikiti, ua kwa ua, mfanyakazi wa ofisi ya kilimo, Mkatoliki, mtu mpole ambaye katika miaka tisa ya ujirani hata chafya yake haikuwahi kuvuka ua. Wiki ile alikuwa amekwenda kumzika baba yake, mwindaji wa upande wa Wamaza, akarudi na pikipiki mbili: moja imembeba yeye na msiba wake, nyingine imebeba mbwa watatu ndani ya vikapu vya kuku. Walikuwa wekundu, masikio yamesimama, mikia imejikunja juu ya mgongo, na kila mmoja ana kengele ya mti shingoni. Mbwa wa aina hiyo huwinda kimya, na bila kengele mwindaji hajui nyama imekimbilia wapi.

"Papa Atumani," Roger alimwambia siku ile ile, juu ya ua, kwa unyofu kabisa, "hizi imbwa hazibwekake. Tangu kuzaliwa kwao."

Na ilikuwa kweli. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtu akisema mbwa wa jirani wanabweka, dunia nzima inamwelewa na kumpa pole. Mbwa wasiobweka utawashtaki kwa lipi?

Atumani alijaribu. Alikwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake.

"Zinabweka?" akauliza shefu, kalamu mkononi.

"Hapana, shefu. Zinalia."

"Zinauma watu?"

"Hapana."

"Zinakamata kuku za watu?"

"Sijasikia."

"Sasa zinalia saa ngapi?"

"Saa ya sala."

Shefu akaweka kalamu chini. "Muzee, miye niko Mukatoliki. Lakini imbwa yenye kulia saa ya sala, nitaiandikia kosa gani? Iko watu wangapi hapa kartie hawafanyi hata vile?"

Atumani alirudi nyumbani bila barua na bila jibu. Njiani alijikuta anafikiri kwamba shefu amesema kitu cha maana, jambo lililomsumbua zaidi.

Ni lazima kusema hapa Atumani alikuwa nani, kwa sababu mtu akitazama kutoka nje angesema ni fundi cherehani. Alikuwa na cherehani kweli, kwenye veranda ya duka la mtu, na alishona kanzu, suruali za shule, na mito. Lakini tangu nguo za mitumba zijae sokoni, watu walimletea zaidi kazi ya kupunguza: kupunguza mikono, kupunguza kiuno, kupunguza vitu vilivyoshonwa na mtu mwingine mbali sana. Ukiondoa adhana, Atumani alikuwa mzee wa miaka sitini na moja anayepunguza suruali. Adhana ndiyo iliyomfanya awe Atumani. Wanawake wa avenyu, Waislamu kwa Wakristo, waliweka sombe, majani ya muhogo, motoni kwa sauti yake. Mtoto akizaliwa, watu walisema "alizaliwa kabla Atumani hajaita" au "alizaliwa Atumani amekwisha kuita", na pande zote mbili za mtaa zilijua saa.

Kwa hiyo komite ya msikiti ilipoanza kukohoa, yeye ndiye aliyeshikwa na homa.

Mwanzoni komite ilikuwa upande wake. Ramazani, imamu na mwenyekiti wa komite, alifungua vitabu vyake kwa siku mbili, akatoka na habari isiyosaidia. "Vitabu vinataja mbwa wanaolia usiku," alisema. "Hao wa usiku wana maelezo. Wa adhuhuri hawakutajwa."

Wengine hawakungoja vitabu. Kulikuwa na waliosema mbwa wanamtukana mwadhini. Kulikuwa na waliosema wanamsifu Mungu kwa lugha yao, na ni sisi tusiojua. Muuza mafuta mmoja alisema wanaona kitu juu ya bega la Atumani. Atumani akatembea siku tatu bila kugeuza shingo upande wa kushoto. Kila aliyemuuliza alimpa jibu, na kila jibu lilimwacha mbali kidogo na pale alipokuwa.

Ndipo alipoingia Kamaldine. Huyu alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye kazi ya kuchaji simu za watu, na betri za jua na bafle jipya, spika kubwa, lililoletwa kutoka Salamabila na mchimbaji aliyerudi kwao. Alikuwa na adabu. Hakusema neno baya juu ya Atumani hata mara moja, na hilo Atumani hakumsamehe.

"Babu," Kamaldine alimwambia mbele ya watu, "tuangalie tu. Alhamisi niite miye, bila bafle, kwa mudomo tu. Kama zitalia, tutajua kosa iko kwa imbwa."

Hakumalizia upande wa pili wa sentensi. Haikuwa lazima.

Alhamisi Kamaldine akaita. Aliita vibaya, kwa kweli: alikimbia mahali pa kusimama na kusimama mahali pa kukimbia. Ng'ambo ya ua kukawa kimya. Mbwa mmoja alitoka mpaka langoni, akamtazama, akajikuna sikio kwa mguu wa nyuma, akarudi kulala.

Alasiri akaita Atumani. Wote watatu wakalia, tangu takbira ya pili.

Sasa komite haikukohoa tena, ilisema. Ikapanga kikao cha Alhamisi iliyofuata, kabla ya alasiri, mambo mawili: la kwanza bati za paa, la pili sauti ya mwadhini. Atumani alitambua kwamba shauri limegeuka njiani bila mtu kumwambia. Lilikuwa shauri la mbwa wa Roger. Sasa lilikuwa shauri la koo lake.

"Uende kwa Roger," Hidaya mke wake akamwambia. "Komite haina imbwa. Shefu haina imbwa. Roger njo iko na imbwa."

"Nimwambie nini? Aue imbwa za marehemu baba yake?"

"Umwambie zimekushinda. Mutu akisikia kitu kimemushinda muzee, atafanya mwenyewe."

"Na nikikuta anakasirika?"

"Ndiyo hapo unabeba kitu. Mutu haendi kusema maneno mabaya kwa jirani mikono mitupu."

Wakashauriana ni kitu gani. Sukari ingeonekana kama wanaomba. Kitambaa kingeonekana kama Atumani anatafuta kazi ya kushona. Hidaya akatoa pakiti ya chumvi, kitu kisichomtukana mtu yeyote, akaifunga kwenye kipande safi cha khanga.

Jumatatu asubuhi, jua halijapanda, Atumani akapiga hodi kwa Roger. Roger alitoka na mswaki mdomoni. Alipoona khanga mkononi mwa mgeni wake, akatoa mswaki, akaufuta, akafunga vifungo vyote vya shati lake mpaka cha shingoni.

"Karibu, papa. Kaa."

"Sitakaa sana," alisema Atumani. Alikuwa amejiandaa kusimama, maana mtu akikaa hula, na akila hawezi tena kulalamika. "Nimekuja juu ya hizi imbwa."

"Hizi imbwa," akaitikia Roger taratibu.

"Zinanisumbua, Papa Roger. Sina usingizi juu yao. Nikila, ninawaza imbwa. Nikishona, ninawaza imbwa. Nikifungua mudomo, ziko pale pale mbele yangu. Zimenishinda. Sikujui kwa ubaya, na marehemu baba yako sikumujua hata kidogo, Mungu amupokee. Lakini haiwezekani ziendelee kukaa hapa vile."

Akatoa chumvi.

Roger alitazama ile pakiti. "Régina!" akaita. "Mama, kuja uone!"

Mke wake alitoka jikoni, akaona chumvi, akaweka mkono kifuani. Roger akapokea kwa mikono miwili, akafungua, akaonja chembe moja, akampa mke wake chembe moja. Kisha akachuchumaa, akaweka kidogo kwenye kiganja, na mbwa wote watatu wakaja wakalamba, mmoja mmoja, kwa heshima, kama watu wanaopita mbele ya jeneza.

"Imekwisha, papa," alisema Roger, na macho yake yalikuwa na maji. "Umesema vizuri. Hautazisikia tena kwangu. Asante. Asante sana."

Atumani alitoka pale akiwa amepata kila kitu alichokitaka. Alifika karibu na mlango wake ndipo akasimama. Hakuna mtu aliyewahi kumshukuru kwa malalamiko. Alimweleza Hidaya neno kwa neno, na Hidaya akafikiri, akasema Wakristo wana moyo wa kusamehe, ni jambo linalojulikana.

Kesho yake, Jumanne, baada ya chai, ilisikika ko-ko-ko ya kengele za mti langoni. Roger alikuwa amevaa suti ya misa. Régina alikuwa na kitenge cha sikukuu. Kati yao walisimama mbwa watatu, wameogeshwa, kila mmoja na kamba mpya shingoni, na kamba zote tatu Roger akazinyoosha mbele kwa mkono wa kulia.

"Tunaleta watu wako," alisema.

Atumani alitazama nyuma yake kuona Roger anasema na nani.

Ilichukua muda, na viti vinne, na maji ya kunywa, mpaka jambo likaeleweka, na lilipoeleweka Atumani alitamani lirudi kule lilikotoka. Kwao Roger, upande ule, mwindaji akifa mbwa wake hawarithiwi na mtoto. Mtoto hurithi bunduki, nyumba na madeni; mbwa huchagua wenyewe. Watu wa msiba huwatunza na kungoja, mpaka asikike mtu ambaye akiinua sauti mbwa wanamwitika. Huyo ndiye wao. Naye haruhusiwi kuwaomba waziwazi, maana mbwa aliyeombwa hupoteza pua. Huja asubuhi kabla jua halijapanda, hakai, analalamika kwamba mbwa wamemnyima raha, na anatoa chumvi.

"Haukukosa hata kimoja," alisema Roger kwa sifa. "Baba yangu mukubwa mwenyewe hangefanya vile. Nilimwambia Régina: huyu muzee, nani alimufundisha?"

"Lakini mimi nilikuja kulalamika!"

"Njo vile. Ulilalamika muzuri sana."

"Papa Roger, mimi ninaita watu kwenye sala. Siiti imbwa!"

"Miye ninajua. Weye unaita watu. Lakini imbwa haziko watu, papa, zitajuaje? Marehemu alikuwa anavuta sauti vile vile, pale juu, akiziita kuja kula matumbo ya nyama. Sauti moja na yako. Siku ya kwanza, miye mwenyewe niliacha sahani nikatoka nje." Roger akasita, akakunja kamba mkononi. "Tangu siku ile tunakungoja. Régina anauliza: huyu muzee anaita imbwa mara tano kwa siku na haji kuzichukua, tumemukosea nini?"

Régina akatingisha kichwa kuthibitisha. Ilionekana swali hilo lilikuwa limewanyima usingizi na wao.

Atumani alikuwa amekwenda kwao na hasira ya wiki nyingi, akakuta upande wa pili wa ua watu walikuwa wameumia zaidi yake. Akajaribu njia iliyobaki. "Nikizirudisha?"

"Chumvi imekwisha kuliwa," alisema Roger.

Hidaya, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote akiwa ameshika pindo la mtandio puani, aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na beseni la udongo. "Kanzu yako iwekwe hapa," alisema. "Mara saba. Ya kwanza na udongo. Na zile zisilale hapa hata saa moja."

Hesabu ilikuwa rahisi, na ilikuwa mbaya. Kikao ni kesho kutwa. Mpaka jana, mbwa waliomharibia mwadhini adhana walikuwa wa Mkristo. Leo walikuwa wa mwadhini mwenyewe. Kama kulikuwa na mtu kwenye komite aliyebaki na huruma, huruma hiyo ingekwisha akisikia. Lakini Ramazani alikuwa amesema mara nyingi, juu ya watu wengine, kwamba mbwa wa kuwinda na wa kulinda shamba anaruhusiwa. Na Atumani alikuwa na shamba la mpunga, mwendo wa saa mbili kwa miguu, upande wa Lusangi, alipokaa dada yake Waridi. Mbwa wakifika kule, sauti yake haiwafikii. Alifunga kamba tatu kwenye mti mrefu, akaushika ncha, akaondoka akijitenga na mali yake kwa urefu wa mti mzima.

Nusu ya njia, kwenye kijito, mti ukavunjika. Mbwa waliingia kwenye majani, kengele zikagonga, zikagonga mbali, zikapotea.

Atumani alisimama barabarani. Dawa aliijua. Alikuwa nayo kooni. Lakini maneno ya adhana si ya kuitia mbwa, na hata ile sauti tupu bila maneno aliiogopa, maana hakujua inaishia wapi kuwa ya baba yake Roger na inaanzia wapi kuwa ya mjomba wake. Akapiga makofi. Akapiga mluzi, mluzi wa mtu mwenye meno machache. "Nyie!" akasema. "Mukuje!"

Mama mmoja aliyebeba mihogo alisimama. "Muzee, unatafuta nani?"

"Imbwa zangu," alisema Atumani, na akasikia jinsi neno la pili lilivyotoka.

"Zinaitwa nani?"

Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuuliza. "Sijui, mama."

"Imbwa zako, na haujui majina?"

"Ni za leo."

Yule mama akamtazama kwa namna watu wanavyomtazama mtu aliyevaa viatu visivyofanana, akaenda zake. Atumani akabaki peke yake. Bila kufikiri akakohoa mara mbili kusafisha koo, kama afanyavyo siku zote kabla ya kuanza. Ndani ya majani kengele zikasimama. Zikarudi mbio. Mbwa watatu wakatokea, wamelowa mpaka tumboni, wakakaa mbele yake kwa mstari, masikio juu, wakingoja aendelee.

Hakuendelea. Alitembea saa nzima iliyobaki huku akiwaza kwamba amelea watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwa sababu baba amekohoa.

Waridi aliwaona kutoka mbali, akaacha mchi ndani ya kinu.

"Kaka! Mwaka jana uliniahidi mbuzi."

"Hizi ni za shamba."

"Za shamba? Zinamea?" Akawazunguka. "Nani alikupa?"

"Nilikwenda kulalamika."

"Sasa enda ulalamike na kwa mwenye ng'ombe," alisema Waridi.

Lakini Jumatano asubuhi Waridi alituma habari mjini kwa mtu wa baiskeli. Ndezi, wale panya wakubwa wa majani wanaokata mpunga chini kama kwa mundu, walikuwa wamelala shambani mwake mwezi mzima kama wenye nyumba. Mbwa waliingia mara moja tu. Ndezi wanne walikufa, na waliobaki walivuka mpaka wakahamia shamba la jirani. Shamba la jirani lilikuwa la Ramazani.

Atumani alipopata habari hiyo alikaa kwenye cherehani akaacha sindano juu. Kwa macho yake, huo ulikuwa msumari wa mwisho. Mbwa wake walikuwa wamemfukuzia imamu panya.

Alhamisi alivaa kanzu iliyofuliwa mara saba, ngumu kama ubao, akaenda. Watu tisa wa komite walikaa kwenye mkeka. Kamaldine alikuwapo pembeni, na bafle lake ndani ya katoni, kipaza sauti juu yake. Walizungumza bati za paa kwa muda mrefu kuliko bati zilivyohitaji. Kisha Ramazani akafunga daftari, na kila mtu akatazama kitu kingine.

"Tumesikia imbwa ni zako sasa," alisema Ramazani.

"Ni zangu," alisema Atumani. Alikuwa ametunga maelezo marefu, yenye msiba, chumvi na Wamaza ndani yake. Yote yakamtoka kichwani. "Sikuziomba. Yaani, niliziomba, lakini sikujua."

"Ziko shambani?"

"Ziko shambani. Hapa hazitasikika."

"Na wale ndezi," Ramazani akasema, akichagua maneno kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki, "ni kweli wanne? Siku moja?"

"Waridi anasema wanne. Waliobaki walikimbilia..."

"Ninajua walikokimbilia. Nilikuwa kule leo asubuhi." Ramazani akavuta ndevu. "Mbwa wa shamba hana neno. Hilo vitabu vimelitaja. Ninauliza tu: mbwa wa shamba la mtu mmoja, akipita kwenye shamba la jirani yake, kwa mfano Jumanne?"

Wanazuoni wawili wa mkeka wakajibu kwa pamoja kwamba hakuna ubaya, mradi asiguse nguo. Wa tatu, mwenye muhogo upande ule ule, akaongeza kwamba ujirani una haki zake. Mzee aliyerudia udhu siku ile ya kwanza akauliza kama ni lazima awe Jumanne. Mazungumzo yakapanda. Kila mtu alikuwa na shamba. Kila shamba lilikuwa na ndezi. Atumani aligeuza kichwa huku na huku akifuata maneno, akingoja neno moja tu, sauti ya mwadhini, nalo halikuja. Likataka kuja mara moja, muuza mafuta akasema, "Na ile ya pili...", lakini mtu akamkata kwa karanga.

Kivuli cha nguzo kikafika mahali pake. Alasiri.

Atumani akasimama, kwa mazoea. Kamaldine naye akasimama, katoni mkononi. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Ramazani alikuwa ameinamia daftari, akiandika siku za wiki na majina mbele yake.

"Saa imefika," alisema bila kuinua kichwa. "Munangoja nini?"

Alisema "munangoja", na walikuwa wawili. Atumani alimtazama Kamaldine, na Kamaldine, kijana mwenye adabu, akasogea karibu na kumnong'oneza.

"Babu, mama yangu ana mupunga ng'ambo ya kijito. Jumatano iko mutu?"

"Jumatano?" alisema Atumani. "Sijui. Sifikiri."

Kamaldine akarudisha kipaza sauti ndani ya katoni, akaweka katoni chini, akakaa.

Basi Atumani akatoka, akaziba masikio, akaita. Takbira ya pili ilipanda peke yake mpaka juu, ikajinyoosha, ikashuka. Watu wakaja. Roger alikuwa amesimama ng'ambo ya ua na kikombe mkononi, akisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani.

Kwenye mlango wa msikiti Atumani alikutana na Ramazani, na swali likamfikia ulimini: je, komite iliamua nini? Yeye bado ni mwadhini, au amekuwa mtu wa mbwa anayeazimwa pia kuita? Akakumbuka kwamba mtu akiuliza, komite inaweza kukumbuka kwamba haijaamua.

Akavua viatu, akaingia.